Kwa nini mama wa Njoro hajawahi kutumwa kwa mwalimu wa kisukari

Swali hili limetoka kwa msomaji wa Nakuru mjini:

"Daktari, mamangu anaishi Njoro na mdogo wake, mama mdogo wetu, anaishi Kisumu. Wote wawili waligunduliwa kuwa na kisukari mwaka uleule, miaka mitatu iliyopita. Mama mdogo alipelekwa kwa mwalimu wa kisukari siku ya kwanza. Anajua kupanga sahani, anajipima, anakagua miguu kila usiku. Mama yeye huchukua dawa katika zahanati kila mwezi, anaambiwa 'punguza sukari', anarudi nyumbani. Hakuna aliyewahi kumtuma popote akafundishwe. Je, muuguzi wa zahanati ndiye mzembe? Tumhamishie mama hospitali kubwa?"

Dada, umeniita daktari lakini mimi ni tabibu, yaani afisa wa kliniki, na miaka yangu mingi imeishia katika kliniki za kisukari, kwanza huko kwenu Nakuru kisha upande wa ziwa. Nakwambia hivyo kwa sababu nimekaa pande zote mbili za swali lako. Nimekuwa yule mwenye mwelimishaji, huyo unayemwita mwalimu wa kisukari, mlango wa pili, na nimekuwa yule asiye na kitu ila kalamu na foleni. Nilipokuwa na mwelimishaji karibu, karibu kila mgonjwa mpya wangu alifundishwa. Nilipokosa, walifundishwa wachache sana. Nilikuwa mtu yuleyule, na daftari langu la masomo lilikuwa lilelile.

Kwa hiyo usimhamishe mama bado, na muuguzi mwachie kwanza. Hebu tutazame vyumba viwili.

Mama mdogo, kwa jinsi ulivyoeleza, aliingia katika kliniki ya hospitali. Huko kisukari huwa na siku yake ya wiki. Siku hiyo tabibu yupo, muuguzi yupo, mtaalamu wa lishe yupo, na mara nyingi yupo pia muuguzi aliyesomea kufundisha kisukari. Mgonjwa mpya akitoka kwa tabibu, haandikiwi barua. Anaambiwa, "Mama, nifuate," anatembezwa hatua chache, anakalishwa mbele ya mtu mwenye sahani ya mfano na kimashine cha kupima sukari. Mimi huiita rufaa ya kushikwa mkono. Haina karatasi, haina nauli, na haimpi mgonjwa nafasi ya kubadili nia akiwa stendi.

Sasa njoo Njoro. Zahanati ni ngazi ya pili katika mfumo wetu wa afya, na kwa kawaida inaendeshwa na wauguzi, pengine wawili, pengine mmoja. Asubuhi hiyohiyo kuna chanjo za watoto, kuna wajawazito, kuna kijana aliyejikata panga, kuna homa. Mama yako anafika na lile daftari la shule ambalo sote tunanunua kuwa kitabu cha kliniki. Anapimwa sukari kama stripu zipo. Anapewa dawa kama zipo. Dakika zinazobaki za maneno ni chache, na neno linalotoshea humo ni moja: punguza sukari.

Muuguzi huyo angependa kumtuma mama kwa mwelimishaji, amtume wapi? Nakuru mjini, kilomita kama 20, matatu kwenda na kurudi, na siku nzima ya shamba imeliwa. Zaidi ya hayo, pengine aliwahi kuwatuma wengine. Mmoja alifika Jumanne, kliniki ikawa Alhamisi. Mwingine alifika siku yenyewe, akaambiwa mwelimishaji yuko likizo. Wa tatu alirudi na barua mfukoni, haijafunguliwa. Mtu akiona hayo mara nne au tano, mkono huacha kuandika wenyewe. Watu wa ofisini wakiona kitabu cha rufaa kitupu husema wahudumu hawajui umuhimu wa elimu. Wanaujua. Wanachojua zaidi ni kwamba barua zao hazifiki.

Hilo ndilo jibu langu kuu: kutumwa au kutotumwa kwa mama kulitegemea zaidi jinsi mahali palivyopangwa kuliko moyo wa aliyemhudumia. Nani yuko chini ya paa moja na nani, nani analipwa kwa kufanya nini, na nani anayejua kama mgonjwa alifika.

Kuhusu malipo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mambo yanapofichika.

Zamani nilifanya kazi katika kliniki moja ya kibinafsi, mji siutaji. Mwenye kliniki alilipwa kwa kila mgonjwa anayeonwa na kila dawa inayotolewa. Siku moja nilikaa na mzee mmoja karibu nusu saa, tukichambua chakula chake tangu chai ya asubuhi hadi ugali wa usiku. Mwenye kliniki alichungulia mara mbili. Baadaye aliniuliza kwa upole kabisa, "Hayo mazungumzo tunayaandika wapi kwenye risiti?" Sikuwa na jibu. Na kumtuma mzee kwa mwelimishaji wa hospitali ya umma kungekuwa kumpeleka mteja dukani kwa jirani. Hakuna aliyenikataza kuandika rufaa, ila kila kitu mle ndani kilinivuta nisiandike.

Ukigeuza malipo yakawa ya kichwa, yaani kituo kinalipwa kiasi fulani kwa kila mtu aliyesajiliwa, awe amekuja au hakuja, hesabu inageuka pia. Sasa mgonjwa anayejua kujitunza ni nafuu, maana haji kila wiki na kidonda. Jimbo la Ontario huko Kanada lilifuata njia kama hiyo tangu 2005 lilipoanzisha timu za afya ya familia: madaktari wengi wao wakilipwa hasa kwa idadi ya watu waliosajiliwa, na pamoja nao wauguzi, wataalamu wa lishe, wafamasia. Mpango mzuri. Lakini angalia mtego uliomo. Timu yenye mtaalamu wake wa lishe haina haja ya kumtuma mgonjwa kituo cha nje cha mafunzo ya kisukari. Ukija na kalamu kuhesabu rufaa tu, timu hiyo itaonekana mvivu kuliko daktari anayefanya kazi peke yake, kumbe wagonjwa wake wamefundishwa palepale. Ndiyo maana nikisoma ripoti inayosema mfumo fulani una rufaa nyingi kuliko mwingine, kwanza nauliza: mwelimishaji anakaa wapi?

Uingereza walijaribu jambo jingine. Kuanzia 2013 hivi, kliniki za madaktari wa familia ziliwekewa kipengele cha malipo kwa kumwandikia mgonjwa mpya wa kisukari rufaa ya mafunzo ndani ya miezi 9. Rufaa ziliandikwa, tena kwa wingi. Waliorekodiwa kufika darasani wakabaki sehemu ndogo tu ya walioandikiwa. Ulipolipia karatasi, ukapata karatasi. Marekani nako, bima ya wazee ya Medicare hulipia hadi saa 10 za mafunzo mwanzoni na saa 2 kila mwaka unaofuata, mradi anayemtibu mgonjwa ameagiza kwa maandishi. Hata hivyo mwaka 2014 CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, iliripoti kwamba kati ya watu wenye bima za kibinafsi waliotoka kugunduliwa na kisukari, ni 6.8% tu walioshiriki mafunzo katika mwaka wao wa kwanza. Hawa ni watu wenye bima na barabara za lami hadi mlangoni. Usimwonee haya mama yako.

Huku kwetu, mpango ulioko kwenye sheria unaelekea upande ambao mimi binafsi naukubali. Oktoba 2023 zilitiwa saini sheria nne za afya, mojawapo ikiwa Sheria ya Afya ya Msingi. Humo mna mitandao ya huduma za msingi: hospitali ya ngazi ya nne inakuwa kitovu, zahanati na vituo vya afya vinavyoizunguka vinakuwa matawi, na timu ya wataalamu mbalimbali inahudumia mtandao mzima. Fikiria gurudumu la baiskeli. Mkiwa na mtandao unaofanya kazi, mtaalamu wa lishe anashuka Njoro siku moja ya mwezi, akina mama thelathini wasipande matatu kumfuata mjini. Upande wa pesa, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani ya hospitali, Oktoba 2024, na huduma za ngazi ya pili na ya tatu zimewekewa hazina yake ya afya ya msingi ili mgonjwa aliyesajiliwa asitoe pesa mlangoni.

Nimesema mkiwa na mtandao unaofanya kazi. Gari la timu likikosa mafuta, gurudumu limebaki mchoro ukutani.

Wapo pia wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wa mikoba, karibu laki moja waliozinduliwa mwaka 2023. Mkobani mna mashine ya presha na kimashine cha sukari. Hili si jambo dogo: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi nchini hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja. Wahamasishaji wanawapata watu hao majumbani. Shida ni kwamba rufaa yao inakomea kituoni. Anamtuma mtu zahanati, zahanati inampa dawa, na mlolongo unakatika hapo, hatua moja kabla ya mafunzo. Ningekuwa na sauti katika kaunti, ningefunga pengo hilo kwanza. Mhamasishaji ndiye anayepita nyumbani kwa mama kila mara, na ndiye anayeweza kumuuliza swali ambalo hakuna kitabu kinachouliza: ulifika?

Jirani zetu wa kliniki za VVU walitatua jambo hili zamani. Pale hakuna anayeandikiwa rufaa ya ushauri, maana ushauri ni sehemu ya ziara yenyewe. Mgonjwa mpya anakutana na mwenzake aliyefunzwa kushauri, na asipoonekana anatafutwa kwa simu. AMPATH, ushirikiano ulioanza 2001 kati ya Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana, ulianzia kwenye VVU ukapanuka hadi kisukari na presha. Trans Nzoia na Busia walijaribu kuwakutanisha wagonjwa katika vikundi, wanapimwa, wanafundishwa na kuonwa hapohapo, na baadhi ya vikundi vikaunganishwa na akiba na mikopo midogo. Matokeo yalitoka 2021. Presha ilishuka kwa wote, ikashuka zaidi kidogo vikundini, ingawa tofauti haikuwa kubwa vya kutosha kuridhisha watu wa takwimu. Mimi nilichokipenda ni muundo wake. Mama anakuja kwenye chama chake, pesa zinahesabiwa, na somo la kisukari limo ndani. Rufaa imeondolewa kabisa, na kwa maoni yangu rufaa iliyo bora ni ile isiyohitajika.

Basi, turudi kwa mama.

Kwanza, miaka mitatu si kuchelewa. Wataalamu wa kisukari wa Marekani wamezitaja nyakati nne ambapo mgonjwa anafaa kupelekwa kwenye mafunzo: anapogunduliwa, kila mwaka au sukari inapokataa kushuka, yanapozuka matatizo mapya, na maisha au matibabu yanapobadilika. Mama ameikosa ya kwanza. Ya pili inarudi kila mwaka. Na faida yake inapimika. Mafunzo mazuri huweza kushusha kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, kwa takriban nusu pointi au zaidi kidogo, bila kuongeza kidonge.

Pili, aombe. Nimeona wagonjwa wengi wakingoja kutumwa kama wanaongoja kuitwa harusini. Ziara ijayo aseme, "Sista, naomba uniandikie rufaa nikafundishwe kisukari, au nimwone mtu wa lishe." Muuguzi huenda akashukuru. Na aulize kama kuna timu inayotembelea zahanati, maana huenda inakuja siku asiyokuwepo.

Barua ikipatikana, mtu mmoja wa nyumbani aende naye, na awe yule anayepika. Ukimfundisha mama peke yake kuhusu sahani na aliyeshika mwiko ni mkaza mwana, umefundisha nusu. Nusu sahani iwe mboga, sukuma wiki au managu. Robo iwe samaki, maharagwe, ndengu au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ugali, wali, chapati au viazi. Watu wa Njoro hapa huguna, kwa sababu viazi kwao ni kama mboga. Si mboga, ni wanga, na ukivila pamoja na ugali umehesabu wanga mara mbili. Githeri ni jema kuliko wengi wanavyodhani, mradi maharagwe yazidi mahindi. Omena za Kisumu ni bora kabisa. Na ile chai ya saa nne yenye vijiko vitatu, hiyo mwelimishaji ataijadili naye bila kumwaibisha.

Mwambieni mwelimishaji pia majina ya dawa zake, nanyi myabebe pamoja na daftari. Kama ni metformini peke yake, hatari ya sukari kushuka ghafla ni ndogo. Kama kuna glibenklamidi au insulini, ni lazima nyumba nzima ijue dalili: kutetemeka, jasho la baridi, moyo kudunda, maneno kuchanganyika. Ikipimwa ikawa chini ya 4 (mmol/L), au kama hakuna kipimo na dalili zipo, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Nimewahi kuona familia ikimnyima sukari mzee aliyekuwa akizama, kwa sababu miaka mitano waliambiwa sukari ni sumu kwake. Hiyo ndiyo gharama ya neno moja la "punguza" lisilofuatwa na somo.

Mtumieni mama mdogo. Aje Njoro wiki moja, akae na dadake jikoni, amwonyeshe jinsi anavyokagua nyayo kwa kioo kidogo, jinsi anavyokausha maji katikati ya vidole, kwa nini haendi shambani bila viatu. Mama atamsikiliza mdogo wake kuliko atakavyonisikiliza mimi. Mwiko mmoja tu: wasilinganishe vipimo vya dawa. Dozi ya mama mdogo ni ya mama mdogo. Kila mwaka nampata mtu aliyeongeza kidonge kwa sababu cha ndugu yake kilikuwa kikubwa.

Na kama mama yuko katika chama cha akina mama au kikundi cha kanisa, naamini hamkosi wengine wawili watatu wenye kisukari humo. Wakienda zahanati kama kikundi wakaomba mwelimishaji awajie, ombi lao lina uzito ambao barua ya mtu mmoja haina. Msimamizi wa kituo anaweza kumwambia mkubwa wake wa kaunti ndogo, "Nina watu kumi na wawili, nipe mtu siku moja." Nimeona likikubaliwa.

Kumhamishia hospitali kubwa? Ningefanya hivyo iwapo sukari ya asubuhi kabla ya kula inakataa kurudi kati ya 4 na 7 licha ya dawa, au kidonda kimetokea mguuni, au macho yanafifia, au miguu inavimba. La sivyo abaki na zahanati yake iliyo karibu kwa dawa za kila mwezi, aende mjini kwa mafunzo mara moja au mbili kwa mwaka. Mgonjwa anayehamia hospitali ya mbali kwa ajili ya darasa huishia kukosa dawa miezi ambayo nauli haipo, na hapo ndipo tunawapokea wakiwa wamekaukiwa na maji mwilini, sukari imepanda hadi haisomeki kwenye mashine.

Kabla hamjaondoka Njoro na barua hiyo, pigeni simu hospitalini muulize mambo mawili: kliniki ya kisukari ni siku gani, na siku hiyo mwelimishaji yupo? Hilo la pili ndilo watu husahau kuuliza.